Kilti, Shuka na Ufukara wa Msamiati

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza swali darasani nikashindwa kulijibu, na badala ya kukiri kwamba sijui, nikamwahidi jibu wiki iliyofuata. Ahadi hiyo ilinigharimu miezi minne, usingizi wa Jumapili kadhaa, na fedha ambazo mke wangu ameniomba nisizitaje gazetini. Nimeamua kukisimulia kisa hiki kwa sababu kinawahusu walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wao, kuliko kinavyoonekana kwa mbali.

Mada ya siku hiyo ilikuwa ukopaji wa maneno. Tulikuwa tukiyatazama majina ya vyama vya ngoma vya Mombasa katika enzi ya ukoloni, vyama ambavyo Terence Ranger aliviandikia katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 kuhusu beni, na ambavyo Margaret Strobel alivirejelea katika utafiti wake wa mwaka wa 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huo. Wacheza lelemama wa Mombasa walikuwa na vyama viwili mahasimu, Kingi na Skochi. Kingi ni mfalme wa Waingereza. Skochi ni Mskoti, yule askari wa sketi na zumari ya mfuko. Mashindano ya vyama hivyo yaliwafanya watu wazima, wenye akili zao timamu, watumie mali bila hesabu ili wasishindwe kwa mapambo na karamu.

"Mwalimu," akauliza binti huyo, "vazi lile la Mskoti lina jina gani kwa Kiswahili?"

Nikasema ni sketi. Darasa zima likaangua kicheko. Nikajirekebisha, nikasema ni kilti. Akauliza kilti ni kitu gani hasa, hushonwaje, na inatofautianaje na sketi ya marinda aliyoivaa yeye kwa miaka minne katika shule ya upili. Hapo ulimi ukaniganda. Nilikuwa nimelifundisha asili ya neno hilo kwa miaka mingi bila ya kuwahi kukishika kitu chenyewe mkononi.

Na asili yenyewe ni tamu. Neno la Kiingereza lililotupa "sketi" na lile lililotupa "shati" ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza lilipelekwa Uingereza na Waskandinavia, la pili ni la Waingereza wenyewe, na yote mawili yana shina moja linalohusu nguo iliyokatwa ikawa fupi. Kiswahili kikayaazima yote mawili pasi na kujua kwamba kimeazima kitu kimoja mara mbili. Ama "kilt", asili yake ni kitenzi cha Kiskandinavia chenye maana ya kuipandisha nguo na kuikaza kiunoni. Sisi tuna kitenzi kilekile: kupania. Bibi zetu walipania nguo zao kabla ya kuingia kondeni au mtoni. Siku hizi wahariri wetu hutuarifu kila asubuhi kwamba mheshimiwa fulani amepania kuwania kiti fulani, na sidhani kwamba wengi wao humwona mheshimiwa huyo akiwa ameishika nguo yake kiunoni. Mimi humwona.

Lakini etimolojia haivaliki. Nilitaka kuingia darasani na kilti halisi.

Mtu anayeitafuta kilti jijini Nairobi hakosi dalili za Waskoti. Kutoka chuoni kwetu, katikati ya jiji, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kanisa la St Andrew's la PCEA, kanisa ambalo mizizi yake ni ya Kiskoti. Kuna chama cha Waskoti na marafiki zao kinachoandaa dansi rasmi, ambapo wanaume huonekana wakiwa na magoti wazi na soksi ndefu. Kila asubuhi, ninaposubiri matatu Uthiru ili niteremke na Waiyaki Way kwenda kazini, hupitwa na mamia ya wasichana waliovaa sketi za miraba mikubwa na midogo, nyekundu kwa kijani, samawati kwa nyeusi, ambazo mchoro wake ulitoka Uskoti bila ya yeyote kuuliza ni wa nani. Fundi wa sare pale Biashara Street huutambua mchoro huo kwa jina la shule inayoutumia tu.

Na si mbali na kwangu iko Thogoto. Nitaomba ruhusa ya msomaji nitoke nje ya mada kidogo, kwani jina hili hunifurahisha kila nikilisoma kwenye kibao cha matatu. Misheni ya Waskoti ilihamia Kikuyu mwaka wa 1898 kutoka Kibwezi, na wenyeji wakawaita wageni hao kwa jina lao, yaani "Scots". Sasa tazama Kigikuyu kilivyolifanyia kazi neno hilo. Hakina sauti s, kikaweka th. Hakipendi konsonanti mbili zifuatane, kikatia irabu kati yake. Kisha k ikajikuta inafuatwa na t katika silabi inayofuata, na kwa mujibu wa ile kanuni ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, k hiyo ikalainika ikawa g. Mskoti akawa Thogoto, raia kamili wa fonolojia ya Kigikuyu. Hapo ndipo alipoelimishwa kijana aliyebatizwa Johnstone Kamau mwaka wa 1914, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina linalohusishwa na mkanda wa shanga aliozoea kuuvaa: Kenyatta. Hata Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, ilikaa jirani na misheni hiyo. Ajabu ni kwamba katika mahali palipoitwa kwa jina la Waskoti, niliuliza kilti nikatazamwa kama mtu aliyeuliza theluji.

Basi nikaingia mnadani. Mnada wa mtandaoni, kwa wasioujua, unafanana na mnada wa ng'ombe kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba atoaye bei ya juu ndiye achukuaye. Mengine yote ni tofauti. Humwoni muuzaji, humgusi ng'ombe, na washindani wako ni vivuli. Unaandika kiwango cha juu kabisa ulicho tayari kulipa, nacho hufichwa. Mtambo hupandisha bei yako hatua kwa hatua kila anapotokea mwingine, hadi kiwango chako kiishe. Kwa sababu hiyo wajanja hawajionyeshi mapema. Husubiri sekunde za mwisho, wakatupa bei yao wakati ambapo huna tena nafasi ya kufikiri. Wauzaji wengi wa Uingereza hupenda minada yao ifungwe Jumapili jioni, watu wakiwa wamepumzika nyumbani. Jioni yao ya saa tatu, wakati wa baridi, ni saa sita ya usiku kwetu. Hivyo ndivyo nilivyokesha.

Kilti yangu ya kwanza niliipata bila ya ushindani wowote, jambo ambalo lingepaswa kunionya. Muuzaji, ambaye simtaji, alikuwa ameisifu kwa maneno matamu: halisi, ya kitamaduni, ya ubora wa hali ya juu. Niliagiza ipelekwe kwa binamu yangu aliyeko Leicester, naye akamkabidhi msafiri. Nilipoifungua mkoba nikajua nimepigwa. Ilikuwa nyepesi kama kitambaa cha meza. Iling'aa. Nilichomoa uzi mmoja pindoni nikauchoma kwa kiberiti jikoni, ukayeyuka ukawa tone gumu jeusi lenye harufu ya plastiki. Sufu haifanyi hivyo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na moto wake huzimika wenyewe. Nilikuwa nimenunua akriliki.

Kosa halikuwa la muuzaji peke yake. Alitumia maneno yasiyo na mfupa, nami nikayakubali kwa kuwa sikuwa na maneno yenye mfupa ya kumuulizia. Nikaanza kusoma. Nilisoma maelezo ya wauzaji wenye sifa njema, yale ambayo wanunuzi wazoefu huyagombania, na nikastaajabu jinsi yasivyokuwa na sifa hata moja. Hakuna "halisi" wala "bora". Yamejaa vipimo na nomino. Kilti nzuri ya mwanamume huchukua yadi 8 za kitambaa, yaani mita 7 na ushei, na karibu zote humezwa na marinda ya nyuma. Yenye yadi 4 au 5 ni ya kawaida zaidi. Kitambaa chake ni sufu, na uzito wake hutajwa kwa aunsi kwa yadi: 13 ni wa wastani, 16 ni mzito, na huo mzito ndio unaoyafanya marinda yaanguke vizuri na kurudi mahali pake mtu anapotembea. Mchoro wa miraba umefumwa, haukupigwa chapa, kwa hiyo unaonekana sawasawa pande zote mbili za nguo. Ukiinamia kitambaa utaona vijistari vya mshazari, kwa kuwa kila uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili.

Kuna zaidi. Marinda hukunjwa kwa namna mbili. Ama fundi huyapanga ili mchoro uendelee nyuma kana kwamba nguo haikukunjwa kabisa, ama hulirudia mstari mmoja uleule katika kila rinda, namna inayopendwa na majeshi. Namna zote mbili zinahitaji hesabu, na kila rinda linapungua upana kutoka nyongani hadi kiunoni. Fundi wa kweli hulishona kwa mkono. Vifungo ni mikanda ya ngozi na bizimu, na ncha ya upande wa juu hufungwa kuliani kwa mvaaji. Kiuno hakipimwi pale suruali ya siku hizi inapokaa bali juu zaidi, usawa wa kitovu, na mnunuzi asiyejua hilo hujiagizia nguo isiyomwingia. Kilti mpya ya aina hiyo hugharimu mamia kadhaa ya pauni, ndiyo maana watu huingia mnadani kutafuta iliyovaliwa. Nyingi za bei nafuu hushonwa Sialkot, Pakistan, mji ambao pia hutengeneza zumari za mfuko kwa wingi. Nazo si lazima ziwe mbaya, mradi mnunuzi ajue anacholipia.

Mara ya pili nilikuwa nimehitimu. Nilimwandikia muuzaji kumuuliza yadi, aunsi, na kama nondo wameitoboa. Akajibu yote kwa mistari mitatu. Nikaweka bei yangu, nikaongoza kwa siku tano, na katika sekunde nane za mwisho nikapokonywa. Mtu fulani asiyejulikana alinizidi kwa pauni moja.

Nilipokuwa nikiuguza kidonda hicho, nikaona heri niisome historia ya vazi lenyewe, na huko nikakuta jambo la kuwaliza au kuwachekesha wale wanaoipenda methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Kitabu ambacho Ranger huyuhuyu wa beni alikihariri pamoja na Eric Hobsbawm mwaka wa 1983, kuhusu mila zilizobuniwa, kina sura ya Ranger juu ya Afrika ya kikoloni, na kina sura ya Hugh Trevor-Roper juu ya Uskoti. Trevor-Roper anadai kwamba kilti fupi tunayoijua ilibuniwa na Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma, katika karne ya 18, ili vibarua wake wa milimani wafanye kazi bila ya kusumbuliwa na nguo ndefu. Wapo Waskoti wanaolipinga dai hilo vikali. Lisilobishaniwa ni umbo la vazi lililotangulia: kitambaa kimoja kirefu kilichozungushwa mwilini, kikafungwa mkanda kiunoni, na sehemu ya juu ikatupwa begani.

Mwalimu wa Kiswahili akisoma maelezo hayo hahitaji tafsiri. Huko ni kujifunga lubega. Mmasai wa Kajiado na Mskoti wa mwaka wa 1700 wangekutana njiani wangeelewana kimavazi kabla ya kusalimiana, ingawa shuka ya miraba nayo si ya kale kama watalii wanavyoambiwa, kwani kabla ya vitambaa vya biashara kuenea Wamasai walivaa ngozi.

Mwaka wa 1746, baada ya vita vya Culloden, bunge la London lilipitisha sheria ya kuharamisha mavazi ya watu wa milimani, isipokuwa kwa askari wa mfalme. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka wa 1782. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akamwandalia mapokezi yaliyojaa miraba. Mfalme mwenyewe akavaa kilti. Vazi la waasi likawa vazi la karamu. (Sisi Novemba mwaka wa 2023, Spika wa Bunge la Taifa alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, akasisitiza koti na tai. Mwaka wa 2004 tulikuwa tumelisaka vazi la taifa kwa kampeni iliyotangazwa sana, na mpaka leo hakuna anayelivaa. Nayapita haya haraka, kwani yameandikiwa vya kutosha.)

Kilichonishughulisha mimi ni jambo jingine. Kiwanda cha Wilson cha Bannockburn, kilichofuma miraba hiyo kwa wingi, kiliandika daftari la michoro yake mwaka wa 1819: nyuzi ngapi za rangi gani zifuatane na ngapi. Michoro mingi ilikuwa na namba tu, na majina ya koo yakabandikwa baadaye ili kukidhi soko. Uongo mtupu, atasema mtu. Huenda. Lakini uongo ulioandikwa kwa hesabu ya nyuzi unaweza kufumwa tena baada ya miaka 200, na ukweli usioandikwa hauwezi. Mwaka wa 2008 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya sajili ya miraba, na mwaka uliofuata sajili ikafunguliwa.

Linganisha na hali yetu. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" lisajiliwe huko kuwa alama yake ya biashara. Neno letu, lenye kiambishi chetu! Pingamizi zikatolewa na ombi halikufaulu. Mwaka wa 2012 miraba ya shuka ya Kimasai ilionekana katika mavazi ya kiume ya Louis Vuitton, na Wamasai wakasoma habari hizo magazetini kama sisi wengine. Mwaka wa 2016 Kenya ilipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayozitaka kaunti ziwe na sajili. Sheria ipo, basi. Lakini utasajili nini, ikiwa anayeandika sajili hajui kuitaja sehemu moja ya nguo ikatofautiana na nyingine?

Sasa nifike Toi.

Soko la Toi liko ubavuni mwa Kibera, hatua chache kutoka Adams Arcade katika Barabara ya Ngong. Limeungua mwaka wa 2019, likaungua tena mwaka wa 2024, na kila mara vibanda vikajengwa upya. Nina mama mmoja pale ambaye huniuzia suruali tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu. Marobota yake hutoka Gikomba, na kabla ya hapo bandarini Mombasa, yakiwa yamelipiwa ushuru wa forodha. Mwaka wa 2020, serikali ilipozuia mitumba isiingie kwa sababu ya korona kuanzia Machi hadi Agosti, alikaa miezi bila ya robota jipya. Nguo za daraja la kwanza yeye na wenzake huziita kamera. Mabaki ni fagia.

Katika rundo la sketi za wanawake, si la kamera, niliona miraba ya kijani na samawati. Niliinyanyua kwa mkono mmoja ikanishinda kwa uzito. Niliigeuza. Mchoro ulikuwa uleule ndani na nje. Bizimu tatu, ngozi yake imekauka lakini haijakatika. Marinda yalishonwa kwa mkono, na mchoro ukapita juu yake kama maji, haukukatika popote. Kijitambaa cha ndani kilikuwa na jina la fundi na neno Edinburgh. Matundu mawili ya nondo, madogo. Moyo ulinidunda kama wa mwizi.

"Mama, hii ni shilingi ngapi?"

"Hiyo sketi? Leta mia nne, Mwalimu. Ni nzito, wasichana hawaitaki."

Msomaji, nilimwomba apunguze. Nilimlipa shilingi 300, nikaifunga ndani ya gazeti, nikaenda zangu.

Darasani nilipata ushindi wangu. Tulihesabu yadi, tukachoma nyuzi, ya akriliki na ya sufu, msimamizi wa jengo akaja kuuliza kunani. Wanafunzi walikwisha kufurahi, na yule binti akawa wa mwisho kuinua mkono. Aliuliza kwenye mnada ule wa Uingereza kilti kama hii ingeuzwa kwa bei gani. Nikamwambia si chini ya pauni 100 kwa hali yake, pengine zaidi.

"Na mama aliyekuuzia alijua?"

Sikumwahidi jibu wiki iliyofuata. Nilijibu papo hapo kwamba hakujua, na kwamba mimi nilijua.

Baada ya kipindi hicho niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa nne, ambao wengi wao watakuwa walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari, waniandikie maneno yote wayajuayo ya nguo na sehemu zake. Karibu wote waliandika shati, suruali, sketi, blauzi, tai, soksi, jaketi. Nikawauliza sehemu za leso. Wachache, wenyeji wa pwani, walitaja pindo, mji na jina. Mmoja akajua kwamba leso mbili zikiwa pamoja ni doti. Nikauliza mtande na mshindio, kimya. Taraza, kimya. Matamvua, mmoja akadhani ni samaki. Kofia ya viua waliijua kwa macho, ile ambayo mafundi wa Lamu huitoboa na kuitarizi kwa mkono kwa miezi, lakini hawakuwa na neno la kuitofautisha na ile ya mashine inayouzwa kando ya msikiti kwa bei ya soda chache. Na hao ndio watakaofundisha somo la mavazi.

Sisemi tuyafukuze maneno ya kukopa. Kazi yangu ingeniisha. Akina mama wa Skochi walikopa jina, na ngoma yao ikawa ya Mombasa kuliko samaki wa kupaka. Wala silii kwamba maneno haya yamekufa. Yamo kamusini, yamelazwa. Pwani hii ilikuwa na wafumaji: Wareno wa karne ya 16 waliikuta Pate ikisifika kwa vitambaa vya hariri. Mfumaji akiondoka, maneno yake hubaki bila ya kazi, kama vijana wetu wenye shahada. Lakini mauzo yamerudi kwa njia nyingine. Fungua simu uone jinsi leso, kikoi, shuka na vikapu vinavyouzwa Nairobi leo. Picha moja, na maneno mawili: "original, poa." Muuzaji mwaminifu mwenye kikoi cha pamba iliyofumwa na tapeli mwenye cha kupigwa chapa wanaandika maneno hayohayo, na mnunuzi hana la kuwauliza. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sifa za kuazima nazo hazisitiri nguo.

Nilirudi Toi Jumamosi iliyofuata nikiwa na bahasha. Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na sehemu ya kuomba apunguze. Aliyahesabu yaliyokuwamo bila ya haraka, akayatia kibindoni. Nilitarajia anishukuru au anigombeze.

"Pesa nimepokea," akasema. "Lakini nyingine ikija, Mwalimu, nitaijuaje?"

Nikaketi juu ya robota nikamfundisha. Ilinichukua muda kuliko darasani, kwa sababu pale sikuweza kuponyoka kwa Kiingereza. Marinda alikuwa nayo, pindo alikuwa nalo, sufu alikuwa nayo. Bizimu nilimpa. Mshazari nilimwonyesha kwa ukucha kwenye jaketi la mteja aliyekuwa amesimama karibu, ambaye alivumilia. Ya mtande na mshindio aliyashika upesi. Mama yake, alisema, alikuwa akisuka viondo, na humo pia kuna nyuzi zinazosimama na zinazopita, ila wao waliziita kwa Kikamba. Akanitajia maneno hayo. Nimeyaandika daftarini, na mwanafunzi yule ameyaongeza katika tasnifu yake.

Jumamosi iliyopita, kabla ya saa moja asubuhi, simu yangu ililia. Robota lilikuwa limefunguliwa.

"Kuna moja ya sufu. Nimechoma uzi, umenuka nywele. Bizimu ni tatu, nondo hawajaigusa. Marinda nimeyahesabu ni 27." Akanyamaza kidogo. "Sikuuzii chini ya elfu nne, Mwalimu."

Nilimwambia aniwekee.